Mafunzo Niliyopata Katika Nyimbo za Kupanda Mlima

Zaburi ya 120 hadi ya 134 zote zina kichwa kimoja: wimbo wa kupanda mlima. Ni nyimbo 15, na nyingi ni fupi kiasi kwamba unaimaliza moja kabla chai haijachemka. Wafafanuzi wengi wanaamini ziliimbwa na mahujaji waliokuwa wakipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Kwa miaka kadhaa sasa nimezifanya kuwa sala yangu ya alfajiri, moja kila siku, na zimenifundisha haya.

1. Safari inaanzia hapo hapo ulipo

Katika Zaburi ya 120 hekalu haliko hata karibu. Mwimbaji yuko ugenini, kazungukwa na waongo na wapenda vita. Wengi wetu husubiri madeni yaishe, nyumbani patulie, ndipo tumtafute Mungu. Anayesubiri hivyo atasubiri sana. Aliye katikati ya ugomvi na aanze na huo ugomvi wenyewe: auseme mbele za Mungu kama ulivyo, kisha anawe uso aende kazini.

2. Mlima unachosha

Mji wa Yeriko uko takriban mita 250 chini ya usawa wa bahari, na Yerusalemu uko karibu mita 750 juu ya usawa huo. Kati yake ni kilomita 25 hivi za jangwa na makorongo. Mahujaji wengi kutoka Galilaya waliikwea njia hiyo kwa miguu, wazee kwa watoto. Magoti kuuma hakukuwa dalili kwamba wamepotea. Kuna asubuhi maneno ya sala yananikaukia kinywani. Siku hizo nasoma kwa sauti, polepole, mpaka mwisho, na naamini Mungu anaipokea.

3. Hata aliyepanda sana hulia kutoka shimoni

Fundisho hili ndilo lililonishika kuliko yote. Zaburi ya 130 ni ya kumi na moja katika zile 15. Ungetegemea mtu aliyefika hapo awe anayaona malango ya hekalu. Badala yake tunamkuta vilindini, anaomba msamaha, anangoja. Makanisani mwetu tunapenda ushuhuda wa ushindi, na mtu aliyeokoka zamani huona haya kusema kwamba amelemewa.

Katika jumuiya yetu yupo bibi mmoja ambaye kwa sala hatumfikii. Alipofiwa na mwanawe alikuja Jumamosi kama kawaida, akakaa mkekani, akasema hana neno la kumwambia Mungu. Hakuna aliyemkemea. Tuliisoma zaburi hiyo kwa niaba yake, naye akawa anafuata mistari kwa kidole, mdomo umefungwa. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na iliyofuata. Sauti yake ilirudi baadaye sana. Wakati wote ule wa ukimya, nasema bila kusita, bibi yule alikuwa anapanda.

4. Mlima hupandwa na msafara

Luka anasimulia kwamba Yesu alipokuwa na miaka 12, wazazi wake walitoka Yerusalemu wakatembea siku nzima wakidhani yumo kati ya jamaa njiani. Ndivyo watu walivyosafiri: ndugu na majirani pamoja, mtoto wa huyu akiangaliwa na yule. Zaburi ya 133 inasifu ndugu wanaokaa pamoja, na imewekwa karibu kabisa na mwisho, mahali pa heshima. Sala ya alfajiri isiyonifikisha kwa mtu mwingine kabla ya jua kuzama, naitilia shaka.

5. Ukishafika, unateremka, kisha unapanda tena

Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inaagiza sikukuu tatu kila mwaka: Mikate Isiyotiwa Chachu, Majuma na Vibanda. Baada ya kila moja watu walirudi kwenye mashamba yale yale na majirani wale wale. Hija moja haikuutosha mwaka. Nami naishukuru neema ya jana, lakini leo imenibidi nichague upya. Na kwa kuwa alfajiri akili huwa nzito, uamuzi naufanya tangu usiku: naiweka Biblia juu ya simu, ili mkono uikute kwanza.