Tuchangie Njia Mpya au Tusichangie?

Wanachama watakumbuka kuwa mkutano uliopita ulivunjika bila ya kukatwa shauri juu ya jambo moja: je, chama kisaidie kulipia njia mpya ya miguu badala ya ile iliyochimbika, iteremkayo kutoka mashambani hadi bondeni na kupanda tena kwenye viwanja vya kuanikia? Wako waliosema njia ni kazi ya Serikali, na wako waliosema kuwa wao hawapiti pale. Kabla hatujakutana tena, yafaa tulisome jambo lenyewe.

Tuanze na mzigo. Karafuu mbichi ikikauka hubakia kiasi cha thuluthi ya uzito wake. Atakaye kilo 20 kavu hana budi kupitisha kilo 60 mbichi, na makonyo juu yake ikiwa hazikuchambuliwa shambani. Basi njia iendayo jamvini huchukua mara tatu ya ile iendayo kituo cha kununulia, nayo ndiyo tunayoidharau. Tena karafuu haingoji. Ikilala guniani mbichi kwa sababu wachukuzi wameshindwa na tope, hupata moto na kuvunda, na hata ikianikwa jua kali hutoka nyeupe, imesinyaa. Bei ya karafuu ya namna hiyo kila mmoja wetu anaijua.

Kwa hivyo haja ipo, wala hatuoni la kubishana hapo. Lakini kuikubali haja si kuukubali mpango. Mpango ulioletwa ni kujaza kifusi na kokoto katika njia ile ile ya zamani, na sisi twasema wazi kuwa kwa mpango huo asitoe mtu hata senti moja. Njia ile haikuharibiwa na miguu, imeharibiwa na maji. Imeshuka kilima wima kama kamba ya ndoo, na kila masika maji huifanya mfereji wao. Kifusi tutakachokimwaga leo tutakikuta bondeni, juu ya mpunga wa watu.

Njia ya kudumu huukata mteremko kwa ubavu: kila hatua 10 za kwenda, ipande hatua 1 tu, isizidi. Huinamishwa kidogo upande wa bondeni ili maji yasitembee juu yake, na kila baada ya masafa mafupi hulazwa mawe au gogo la mnazi mshazari, maji yapate kutoka kando. Ni ndefu zaidi, ni kweli. Lakini mwenye gunia kichwani ataipenda.

Hapa ndipo penye uzito. Njia ya ubavuni itapita katika mashamba ya watu watatu, na mikarafuu kadhaa itakatwa. Mkarafuu hungojewa miaka 6 au zaidi ndipo uanze kuzaa, kwa hivyo asiambiwe mwenye shamba kuwa "ni mti tu." Wakubali wao kwanza, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, walipwe miti yao, ndipo tuzungumze habari ya kokoto.

Na mchango? Wengine wametaka kila nyumba itoe sawa. Hatuafikiani nao. Mwenye mikarafuu 10 na mwenye 200 hawaitumii njia sawa. Mchango uhisabiwe kwa miti, na asiye na fedha atoe siku za kazi. Wachumaji wasidaiwe kitu, kwani vichwa vyao ndivyo vinavyobeba. Ama wale wasiopita pale, wasilazimishwe, ijapokuwa nao wana njia zao zitakazotaka msaada siku moja.

Sehemu moja ya fedha iwekwe mbali kwa kuzibua mitaro kila mwaka kabla ya masika, na atajwe mtu wa kuisimamia. Bila ya hivyo, kura yetu ni hapana.

Vigingi vya njia inayopendekezwa vitapigwa Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano. Atakaye kuiona aje baada ya sala ya alasiri, na akiweza aje na mzigo kichwani.