Mti Mdogo Juu ya Jiwe Jeusi: Kuandaa Maonyesho ya Bonsai Majengo

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa lava ni nini. Amejengea ukuta, amekanyaga juu yake akienda sokoni, na huenda parseli ya wazazi wake imefunikwa nayo hadi leo. Kwa hiyo ukitaka kuandaa maonyesho ya bonsai Majengo, kwenye ukumbi wa shule au uwanja wa parokia, usianzie Japani. Anzia jiwe. Wakuzaji wa bonsai wa nchi nyingi hununua kokoto za volkano kwa bei wazitie vyunguni, kwa sababu vitundu vyake hushika maji na hewa kwa pamoja. Hapa mafundi wa ujenzi huzisukumia kando kwa sururu.

Meza ya mlangoni iwe na mawe matatu tu. La kwanza litoke kwenye lava ya tarehe 22 Mei 2021, ile iliyosimama upande wa Buhene. La pili litoke kwenye lava ya tarehe 17 Januari 2002, iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. La tatu liwe la zamani, lililokwisha kuota udongo mifukoni mwake. Mgeni ataona mwenyewe tofauti: la kwanza bado jeusi na kali, la pili lina utando wa kijivu unaong'ang'ania jiwe (kuvu na mwani wanaoishi pamoja), pengine na kangaga moja iliyochungulia ufani. Kando ya la tatu weka mtini mdogo ambao mizizi yake imekumbatia jiwe. Hapo umekwisha kufundisha jinsi uhai unavyorudi kwenye mwamba, na hujaandika hata sentensi moja.

Kibao cha jiwe la kwanza kiwe na tarehe na mahali, basi. Majengo ni mojawapo ya kartie kumi zilizoamriwa kuhamishwa tarehe 27 Mei 2021. Wageni wako wengi walikimbia usiku na magodoro kichwani. Kuwaeleza volkano hulipukaje ni kukosa adabu. Na mawe yenyewe uyatafute kwenye parseli zinazochimbwa msingi, kwa ruhusa ya mwenyewe. Usichukue jiwe wala mche kutoka Hifadhi ya Virunga, na uandike kibaoni ulikovipata, maana watoto wanaokuja kutazama leo ndio watakaokwenda kutafuta vyao kesho.

Baada ya hapo mgeni atafika mbele ya mti wa sentimita 30 wenye shina la kizee, na atauliza swali moja kabla ya mengine yote: hii ni mbegu ya aina nyingine, au umefanyiwa dawa? Maonyesho mengi hukosea hapa. Humjibu kwa historia ya watawa na wafalme, naye anaondoka akiamini kuna unga wa siri. Mjibu kwa macho. Chukua vijiti viwili vya mti mmoja wa uani, ule Ficus thonningii ambao Wanyarwanda huuita umuvumu na ambao huchipua ukiuchomeka tu ardhini. Kimoja kipandwe kwenye chungu kipana kifupi, kikatwe matawi na mizizi. Kingine kiachwe kwenye bidon lililokatwa mdomo. Baada ya miaka michache mmoja unafika kifuani, mwingine haujavuka kiganja. Viweke sambamba na uandike: «Mama mmoja, mwaka mmoja. Ukiutoa huu mdogo chunguni ukaupanda nje, utakuwa mkubwa kama ndugu yake.»

Kama huna jozi ya namna hiyo, tumia mpera. Majani ya mpera wa chunguni hupungua ukubwa kadiri unavyotunzwa, lakini tunda lake halipungui. Pera la kawaida likining'inia kwenye mti unaokufika gotini litasimamisha watu kuliko bango lolote. Weka jani la mpera mkubwa na jani la mpera mdogo juu ya karatasi nyeupe, na pera katikati.

Swali linalofuata huulizwa na akina mama zaidi: mti huu haunyimwi chakula? Lisikwepwe. Mti ulionyimwa chakula hufa. Huu hupewa mbolea, na kila baada ya miaka miwili au mitatu hutolewa, mizizi ikapunguzwa, ukawekewa udongo mpya. Hapa pafaa chungu cha kuonyesha ndani: bidon la lita 20 lililokatwa ubavu mmoja, likafungwa plastiki inayoonyesha, na mizizi ikaonekana ikipita kati ya kokoto. Kokoto zenyewe ziweke katika sahani tatu baada ya kuzipitisha kwenye chekecheke. Za milimita 3 hadi 6 ndizo zinazofaa miti mingi. Vumbi lililobaki huziba maji. Mimina kikombe cha maji kwenye sahani ya vumbi na kikombe kwenye sahani ya kokoto, zote mbili zikiwa zimetobolewa chini, mtoto aone mwenyewe yanapokwama.

Sasa vibao. Sina huruma hapa: maneno 50 kwa mti mmoja yanatosha, na kama hayatoshi basi hujajua unachotaka kusema. Jina la mti liandikwe kwa herufi za sentimita 2 au 3 zisomeke kutoka mbali. Maelezo yasipungue milimita 5 kwa urefu wa herufi, wino mweusi juu ya karatasi isiyong'aa. Kiswahili kitangulie, kile kinachosemwa mjini. Kifaransa kifuate kwa mstari mmoja kwa ajili ya wanafunzi na walimu, na jina la kisayansi chini yake. Kisha acha mistari mitatu mitupu yenye penseli iliyofungwa uzi: «Kwenu mti huu unaitwaje?» Kihunde, Kinande, Kinyarwanda, Kishi, jioni utakuwa na orodha ambayo hakuna ofisi ingekuandikia. Mzee anayejua jina la mti hukaa mbele yake muda mrefu zaidi, na huanza kumweleza mjukuu. Hiyo ndiyo kazi uliyotaka kibao kifanye.

Umri usiukisie. «Miaka mia» huvutia, lakini kama mti ulichimbwa ukubwani hakuna anayejua. Andika «chunguni tangu 2019» ikiwa ndivyo ilivyo. Na mwenye mti aulizwe vizuri kabla hujachapa chochote. Mwaka 1976 Japani iliipa Marekani bonsai 53, zikawa msingi wa jumba la bonsai la Washington. Mmojawapo ulikuwa msonobari wa ukoo wa Yamaki, uliolelewa tangu 1625. Ulikaa pale robo karne kabla wajukuu wa Masaru Yamaki hawajatembelea mwaka 2001 na kueleza kwamba mti ule ulikuwa Hiroshima siku bomu lilipoangushwa, tarehe 6 Agosti 1945, ukasalimika nyuma ya ukuta. Miaka yote hiyo wageni walipita mbele yake wakisoma kibao kisichokuwa na habari hiyo. Bila shaka mjini kwako kuna bougainvillea iliyookolewa 2002 kwenye ndoo, muulize mwenyewe.

Ukumbi wenye kuta za lava una shida yake: shina jeusi mbele ya jiwe jeusi halionekani. Tundika shuka jeupe au la kijivu hafifu nyuma ya kila mti, lililonyooshwa. Kitenge hapana, hata kiwe kizuri vipi. Maua yake yatashindana na majani. Katikati ya shina pawe sawa na macho ya mtazamaji, yaani meza ya kama mita moja kwa wakubwa, na kwa shule weka nyingine fupi zaidi, au ubao wa kupandia. Maseremala wanaotengeneza chukudu wanajua kukaza mbao zisiyumbe. Waagize meza kwao. Kila chungu kifungwe kwa waya unaopita matundu ya chini hadi mbaoni. Ardhi hapa hutikisika, na malori nayo.

Watu watataka kushika. Wape cha kushika, mbali na miti: tawi bichi lililokatwa na kusimikwa kwenye kipande cha mbao, na waya wa shaba kutoka kwa fundi umeme, uliochomwa kwenye mbabula mpaka ukawa mwekundu kisha ukapoa, maana shaba iliyochomwa hulainika. Kila mtoto azungushie tawi na kulikunja. Likivunjika ni sawa, kuna mengine kwenye ndoo.

Maji nayo yatazua maneno, katika mji ambao bidon hubebwa kichwani. Mwagilia hadharani, saa maalumu: zamisha chungu katika beseni mpaka mapovu yakome, toa, na uonyeshe yaliyobaki yanakwenda kwenye mti unaofuata. Mti mdogo hutosheka na chini ya lita moja kwa siku. Maji ya mvua ni bora kuliko ya ziwa. Ya Kivu yana chumvichumvi inayojikusanya chunguni.

Taa nyekundu za karatasi na picha za kimono ziache. Kama lazima Japani itajwe, itaje Omiya: kijiji cha wakuzaji wa bonsai kilichoanzishwa 1925 na watu waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923. Watu wa Majengo wataelewa habari hiyo bila mkalimani. Mwaka huohuo wa 1925 ndio ilipoundwa hifadhi yetu ya Virunga. Si lazima kuliandika jambo hili, lakini kiongozi wa wageni alijue.

Viongozi wawe wanafunzi wawili au watatu, darasa liingie kwa makundi ya watu 15, na kila kundi lipewe swali moja la kutafutia jibu badala ya hotuba. Siku ya kwanza ikiisha, waulize viongozi hao ni kibao kipi hakikusomwa na ni swali gani lililorudiwa. Kibao kisichosomwa king'olewe usiku huohuo, na lile swali liandikwe mahali pake kabla milango haijafunguliwa.