POLIMA NA UTOAJI WA DAWA KIDOGO KIDOGO

Malengo: Ukimaliza mada hii uweze (a) kueleza jinsi polima inavyoachia dawa, (b) kutoa mifano miwili inayotumika Tanzania, (c) kukokotoa kiasi cha dawa kilichotoka na kilichobaki.

1. Tatizo
Mtu akimeza kidonge cha kawaida, kiasi cha dawa katika damu hupanda haraka, kisha hushuka kadiri ini na figo vinavyoiondoa. Kikipanda mno, dawa hudhuru; kikishuka mno, haitibu. Suluhisho mojawapo ni kuiweka dawa ndani ya kitu kinachoiachia polepole.

2. Polima
Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa na molekuli ndogo nyingi (monoma) zilizoungana. Si plastiki peke yake: nyuzi za mkonge unaolimwa Korogwe na Handeni ni selulosi, polima ya glukosi.

3. Njia za kuachia dawa
(a) Usambaaji: dawa husogea kutoka ndani ya polima, penye ukolezi mkubwa, kwenda nje penye ukolezi mdogo.
(b) Kumomonyoka: kihifadhi chenyewe huyeyuka au hukatika vipande, na dawa hutoka. Polima ya asidi ya laktiki hukatwa na maji ya mwili. Silikoni (Si) yenye vitundu vidogo sana nayo huyeyuka polepole mwilini; Leigh Canham wa Uingereza alichapisha utafiti wake juu ya hilo mwaka 1995. Watafiti huichanganya na polima ili dawa isitoke kwa haraka.

4. Mfano wa kwanza: chandarua
Korogwe na Handeni ni wilaya zenye malaria. Kituo cha utafiti cha NIMR Korogwe kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria RTS,S, lakini chandarua bado ni kinga ya kila usiku. Katika chandarua cha Olyset, kilichoanza kutengenezwa Arusha mwaka 2003, kiuatilifu cha pamethrini (asilimia 2 ya uzito) kimechanganywa ndani ya nyuzi za poliethilini. Mbu hufa kwa kugusa kiuatilifu kilicho juu ya uzi. Kikifuliwa, cha juu hupungua, na cha ndani husambaa kuja juu baada ya siku kadhaa. Ndiyo sababu hakihitaji kuchovywa tena katika dawa. Shirika la Afya Duniani hutaka chandarua cha aina hii kistahimili kufuliwa mara 20 na kutumika miaka 3.

5. Mfano wa pili: kijiti cha uzazi wa mpango
Kijiti cha Implanon huwekwa chini ya ngozi ya mkono. Ni polima yenye miligramu 68 za homoni, na kiliidhinishwa kwa miaka 3.

Swali: Chukulia kinatoa wastani wa mikrogramu 40 kwa siku. Baada ya siku 1,095 kitabaki na kiasi gani?
Jibu: Iliyotoka = 40 × 1,095 = mikrogramu 43,800 = miligramu 43.8.
Iliyobaki = 68 − 43.8 = miligramu 24.2.

Mbona kinatolewa wakati bado kina dawa? Ukolezi wa ndani umepungua, kwa hiyo kasi ya usambaaji nayo imepungua. Kinachofanya kazi ni dawa inayotoka, si inayobaki ndani.

ANGALIZO: Kidonge kilichotengenezwa kuachia dawa polepole kisipondwe wala kutafunwa. Ukikivunja, dozi ya saa nyingi huingia mwilini kwa mara moja na inaweza kuua.

6. Swali la kujipima
Mama mmoja wa Handeni hufua chandarua cha poliethilini kila wiki na kukianika juani. Eleza makosa mawili. (Alama 4)

Jibu: (i) Kufua mara kwa mara huondoa kiuatilifu cha juu kabla cha ndani hakijasambaa vya kutosha, na akiba huisha mapema. (ii) Mwanga wa jua huvunja molekuli za kiuatilifu. Chandarua kianikwe kivulini.

Kumbuka: watahiniwa wengi huandika “dawa imeisha” wakaishia hapo. Taja usambaaji na ukolezi ili upate alama zote.