Zeze la Kuagiza kwa Fundi: Namna ya Kulinunua na Kuishi Nalo

Zeze la kupiga, lile la kibuyu na ngozi linalopigwa kwa upinde, hulipati dukani. Yale yanayotundikwa kwenye maduka ya vinyago, mengi ni mapambo ya ukutani: kibuyu kimechorwa twiga, nyuzi zimelegea, ngozi nene haitetemeki hata kidogo. Ukitaka zeze lenye sauti utamtafuta fundi, na mafundi wenyewe ni wachache, kila mmoja yuko kivyake, hana kibao wala kadi.

Wa kwangu yuko huku kwetu Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Ni Mgogo mwenye asili ya Manyoni, analima alizeti na mtama, na mtaa mzima tunamwita Babu. Ninayo mazeze yake mawili, la nyuzi mbili na la nyuzi nne, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyaokota kwa kukaa naye akikwangua ngozi.

Anza na majira. Mvua zetu huingia mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuondoka Aprili, na katika miezi hiyo fundi yuko shambani. Hata ukimpata nyumbani, ngozi inayowambwa wakati wa mvua haikauki sawasawa, na baadaye hulegea. Mwendee baada ya mavuno, kuanzia Juni hadi Agosti, vibuyu vikiwa vimekauka na upepo wa Singida ukiwa mkavu. Sema shida yako mapema, toa nusu ya malipo, halafu muache afanye kazi. Usivutane naye bei kama unanunua kuku mnadani. Utapewa zeze la bei uliyong'ang'ania.

Kibuyu kichague wewe mwenyewe kama Babu atakuruhusu. Kitikise: mbegu zilizokauka hugonga ukuta kwa sauti kali. Kipige kwa kucha sehemu tofauti. Palipo pembamba na palipo panene hapalii sawa, na unachotafuta ni mlio unaolingana pande zote. Kisha kigeuze kwenye mwanga utafute vitundu vya wadudu. Kitundu kimoja kidogo chaweza kuzibwa, lakini vikiwa vingi basi rudisha.

Ngozi iwe ya mbuzi, tena mbuzi mdogo, iliyokwanguliwa mpaka ukiinyanyua juani unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Utasikia watu wakisifia ngozi ya kenge. Ina sauti nzuri, sibishi, lakini kenge ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikuruhusu kumiliki nyara bila kibali. Ukifika uwanja wa ndege na zeze la namna hiyo, maelezo ya utamaduni hayatakusaidia. Mbuzi anatosha.

Mti unaopita ndani ya kibuyu ndio unaobeba mvuto wote wa nyuzi. Ulenge kwa jicho moja toka mwisho hadi mwisho. Ukiwa mbichi utapinda, na uzi ulioukaza asubuhi utakuwa umeshuka jioni. Nyuzi zenyewe Babu huzitoa kwenye waya wa breki ya baiskeli: anaufumua, anachagua uzi mmoja usio na mikunjo, anaupitisha kwenye kidaraja na kuufunga kwenye kigingi. Mwombe akufundishe hapohapo, kwa sababu uzi ukikatika ukiwa Mwanza au Dar es Salaam hutampigia simu aje. Mimi hutembea na kipande cha waya wa akiba ndani ya begi.

Wengi wa mjini huja wakitaka nyuzi nyingi, kwa sababu wamesikia zeze la marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kurekodi na lebo ya Real World ya Uingereza kabla ya kufariki mwaka 2003. Anza na mbili. Mkono wa upinde ndio mgumu, na nyuzi nyingi haziufundishi.

Kuhusu kulisawazisha, weka kando ile programu ya simu ya wapiga gitaa. Muziki wa Kigogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja, jambo ambalo mtafiti Gerhard Kubik wa Austria ameliandika kwa kirefu, na mojawapo ya sauti hizo iko chini kidogo ya noti ya kinanda. Simu itakuambia umekosea wakati Babu anatikisa kichwa kwa furaha. Msikilize Babu.

Ala za kuagiza kwa fundi wa peke yake haziko kwetu tu: Marekani wapo mafundi wadogo wanaotengeneza gitaa la chuma la pedali, lile la kuwekwa mbele ya mpigaji aliyeketi, shingo moja ikiwa na nyuzi kumi kwa kawaida, ambalo King Sunny Adé wa Nigeria aliliingiza kwenye juju. Kwa vyuma na vifundo vyake ni mtambo hasa, mbali sana na kibuyu. Ila sauti ya vyote viwili huteleza kutoka noti hadi noti bila kizuizi cha shingoni, na ukinunua kwa fundi wa peke yake, anayejua kilichomo ndani ni yeye. Kwa hiyo matengenezo makubwa mrudishie aliyelitengeneza. Fundi seremala atakupigia msumari mahali pasipostahili.

Nyumbani, adui wa kwanza ni panya. Ngozi ya mbuzi kwao ni chakula, na chumba chenye magunia ya alizeti ndiyo makao yao, basi litundike kwa waya mwembamba, mbali na ukuta. Mvua zikianza ngozi italegea kidogo. Lianike juani kwa muda mfupi, au lisogeze karibu na moto ukiwa umelishika mkononi, usiliache hapo. Upinde upake utomvu mkavu kabla ya kupiga, la sivyo utateleza juu ya uzi kimya. Safarini lipakate. Kwenye buti la basi kibuyu hakifiki salama.

Kama kwenu yupo fundi wa namna hii, mwendee mwaka huu mara baada ya mavuno, na ukiweza nenda na kijana mmoja wa kumshikia ngozi. Babu hana mwanafunzi mpaka leo.