Kamera Ikisema Ni Wewe

Chukua uwanja wa mpira wenye watu 60,000, na kumi kati yao wanasakwa na polisi. Getini imefungwa kamera ya kutambua nyuso, tena nzuri: katika kila watu 10 wanaosakwa inanasa 9, na katika kila 100 wasio na kosa inamwonea mmoja tu. Sasa wewe unapita, kengele inalia. Je, uwezekano kwamba wewe ni mmoja wa wale kumi ni kiasi gani? Wengi hujibu haraka: asilimia 90, au 99.

Tuhesabu taratibu. Wasiosakwa ni 59,990. Mmoja katika kila 100 ni kama watu 600. Wanaosakwa watakaonaswa ni 9. Kengele zitalia mara 609, na za kweli ni 9 tu. Maana yake, katika kila watu 68 watakaowekwa kando, anayetafutwa ni mmoja. Kamera ni ileile nzuri; ila wanaosakwa ni wachache mno, na kosa dogo likizidishwa kwa umati huwa kubwa. Aliyewahi kuchagua mchele anayajua haya kwa vidole vyake: mawe ni machache, lakini punje zinazokusimamisha ni nyingi, na kila moja lazima uitazame kabla ya kuitupa.

Tarehe 3 Juni 2017 Real Madrid ilicheza na Juventus fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Cardiff, Wales, na polisi wakajaribu kamera za namna hii. Zilitoa tahadhari 2,470. Zilizokosea zilikuwa 2,297.

Kamera haimjui mtu. Programu yake huigeuza sura kuwa mfuatano wa namba, kisha hupima namba hizo ziko mbali kiasi gani na za picha iliyohifadhiwa. Zikikaribiana vya kutosha, kengele inalia. Hapo kwenye “vya kutosha” ndipo penye mkono wa binadamu: akilegeza kipimo, wanasombwa hata wasiohusika, akikikaza, wanaosakwa wanapita. Na makosa hayo hayawaangukii watu wote sawasawa. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi ikakuta kwamba watu wawili tofauti walichanganywa zaidi pale nyuso zilipokuwa za Afrika Mashariki, Afrika Magharibi au Asia Mashariki, na kwa uchache kabisa zilipokuwa za Ulaya Mashariki. Tofauti kati ya nchi na nchi ilifika hata mara 100. Afrika Mashariki, yaani nyuso zetu.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 50, na ya Tanzania, Ibara ya 13, zinataka mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitike vinginevyo. Huwa tunaliona sharti hili kama huruma ya sheria. Mimi naliona pia kama hesabu sahihi: anza na umati wa wasio na kosa, kisha dai ushahidi wenye uzito wa kumtoa mtu humo. Linalonitia hofu ni kwamba kamera humfikia mtu mapema, akiwa bado njiani au nyumbani kwake, kabla hajamwona hakimu.

Januari 2020, karibu na Detroit, Marekani, mwanamume mmoja alifungwa pingu nje ya nyumba yake, mkewe na binti zake wadogo wakitazama. Saa za mkononi zilikuwa zimeibwa dukani mwaka 2018; picha hafifu ya mwizi ikaingizwa kwenye programu, nayo ikaitoa picha ya leseni ya udereva ya mwanamume huyo. Programu ya aina hiyo huulizwa nani anafanana zaidi, na wa kufanana zaidi hakosekani, hata kama mwizi mwenyewe hayumo kabisa kwenye hifadhi. Kwenye chumba cha mahojiano yule aliyekamatwa aliichukua ile picha ya dukani, akaiweka kando ya uso wake ili wapelelezi waangalie wenyewe. Alikaa mahabusu kama saa 30. Mwaka 2024, kumaliza kesi aliyofungua, polisi wa Detroit walikubali kutomkamata mtu kwa matokeo ya programu peke yake.