Kisu cha Kukunja Kisijikunjie Vidoleni

Anayepandikiza miche ya miembe huko Kalamba au Mbumbuni, Makueni, hakosi kisu cha kukunja mfukoni. Shina la mche ni jembamba kama kalamu, nalo linataka makali kama ya wembe. Makali hayo hayo ndiyo hukata kidole kisu kinapojikunja. Alama yangu iko kwenye kidole cha shahada: kisu kilikwama katika shina nililokuwa nikilipasua, nikakivuta juu kwa nguvu. Nilipokifungua nilikuwa nimesikia "ta!", nikaamini kimeshika.

Mlio huo si ushahidi. Ukikata kawaida, mti husukuma makali upande wa kufungukia, kwa hiyo hata kisu kisicho na kufuli hutulia. Hatari huja nguvu inapotoka mgongoni mwa bapa: unapong'oa kisu kilichokwama, unapotoboa kibuyu kwa ncha, au unapochokonoa kitu. Hapo kinachozuia bapa lisirudi kwenye mpini ni kufuli peke yake.

Visu vingi vidogo vya sokoni havina kufuli kabisa. Vina springi ya mgongoni tu, inayolemea bapa lisilegee. Kwa kuchonga kikonyo cha kupandikiza vinafaa, ila kutobolea usivitumie hata mara moja.

Vyenye kufuli la mgongoni vina jino linaloingia kwenye pengo kisiginoni mwa bapa. Hili nalipenda kwa uimara wake, lakini adui yake ni uchafu. Utomvu wa mwembe ukiganda ndani ya pengo, na mchanga ukinata juu yake, jino huishia njiani ingawa umesikia mlio. Lichungulie juani: mgongo wa kufuli uwe sawa na mgongo wa mpini, usiinuke hata kidogo.

Kufuli la bamba ni kipande cha chuma ndani ya mpini kinachosogea na kuegemea kisigino cha bapa. Likigusa ukingoni tu, halijakaa. Likivuka hadi upande wa pili, limechakaa. Ukikisokota kisu ndani ya mti, bamba linaweza kuteleza, nawe usijue mpaka damu itoke.

Kuna pia pete ya kuzungusha, kama ile ambayo Opinel wa Ufaransa walianza kuiweka kwenye visu vyao mwaka 1955. Haishiki yenyewe, lazima uizungushe kila mara. Faida yake ni kwamba unaiona kwa macho ikiwa imefunga.

Kabla ya kununua, fungua kisu, shika mpini ubavuni kwa ncha za vidole, pasiwe na kidole kwenye njia ya bapa. Kandamiza mgongo wa bapa polepole kwenye ubao. Usiupigize, utaharibu kufuli zima. Bapa likitikisika juu na chini, kirudishe mezani, hata muuzaji akisema kitakaza kikizoea.

Jioni futa utomvu ungali mbichi kwa kitambaa chenye spiriti, sugua pengo kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, kausha, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia huganda na kuokota vumbi. Kisu kikikwama mtini, usikivute: panua mpasuko kwa kijiti, kitatoka chenyewe.

Ukikatika, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi bila kuchungulia, mkono ukiwa juu. Usifunge kidole kwa mpira. Damu ikitulia, osha kwa maji safi na sabuni, kisha uulize kituo cha afya kuhusu sindano ya pepopunda. Damu isipokoma, kidole kisipokunjika au kikifa ganzi, usingoje asubuhi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda kano ya kukunjia kidole imekatika, na hiyo haiungi kwa bendeji.