Jua Haki Zako: Salio la Mtoto Limekatwa, Nani Alikubali?

SWALI: Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Nyakakika, wilayani Karagwe. Mjukuu wangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Simu haendi nayo shuleni, inabaki nyumbani. Ni kiswaswadu tu nilichomnunulia ili mama yake aliyeko Mwanza ampate jioni. Tangu likizo iliyopita, kila nikiweka vocha ya jero, kesho yake asubuhi haipo. Nikamgombeza mtoto nikidhani anapiga ovyo. Kijana mmoja wa kibanda cha simu pale Omurushaka akafungua meseji, akanionyesha huduma tatu: habari za mpira, utabiri wa nyota, na wimbo anaosikilizishwa anayepiga. Kila moja inakata shilingi 100 kwa siku. Kampuni ya simu wananijibu kwamba namba ilijiunga yenyewe. Laini iko kwa jina langu. Je, nina haki yoyote, au ndiyo imeliwa?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayomtoa mjukuu lawamani. Huduma tatu za shilingi 100 ni shilingi 300 kwa siku, yaani 9,000 kwa mwezi wa siku 30. Ukiweka 500 jioni, 300 zinaondoka kabla jogoo hajawika, na hizo 200 zinazobaki hazimfikishi popote. Mara nyingi salio likiwa sifuri mfumo husubiri, ukiingiza vocha unakata. Mtoto hakupiga simu hata moja.

Sasa, namba "inajiungaje yenyewe"? Mara nyingi huanzia kwenye ujumbe unaorukia kioo bila kuitwa: wimbo wa bure leo, matokeo ya mechi bure, bonyeza OK. Neno "bure" liko mbele, bei iko mwishoni, au iko kwenye ujumbe wa pili unaokuja baadaye. Kwenye simu hizi za tochi, kitufe cha OK ndicho hicho hicho ambacho kidole hukiendea kila mtu anapofungua simu. Mtoto akitaka kuwasha tochi aende kufunga mbuzi, tayari ameshajiunga na utabiri wa nyota. Wapo pia wanaojiunga kwa kutaka kweli, hilo nitalirudia.

Wazazi wengi wakifika kwa kampuni hoja yao ya kwanza ni moja: "Huyo ni mtoto." Kisheria hoja hiyo ina msingi mzuri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 11, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima na awe na akili timamu, na makubaliano ya asiye na sifa hizo ni batili. Kama mjukuu wako angekwenda dukani Kayanga akasaini kununua televisheni kwa mkopo, mwenye duka asingekuwa na mkataba wowote mkononi.

Lakini kwenye simu hoja hiyo ina tundu, na kampuni inalijua. Kadi ya NIDA hupewa aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo laini anayotumia mtoto husajiliwa kwa alama za vidole za mzazi au mlezi. Kwenye kompyuta yao hakuna mjukuu. Yupo mkulima mtu mzima wa Nyakakika anayependa mpira, nyota na muziki. Ukisema "ni mtoto", watakuuliza kwa upole mwenye laini ni nani, nawe utajibu ni mimi, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Kwa hiyo mimi nakushauri uanze na hoja ya ridhaa, umri wa mtoto uufuatishe nyuma. Sheria hiyo hiyo ya Mikataba inasema makubaliano huwa mkataba pale yanapofanywa kwa ridhaa huru ya pande zote, na ridhaa ni watu wawili kukubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Kidole kilichokuwa kikitafuta tochi hakikukubaliana na mtu. Laini uliisajili ili kupiga na kupigiwa simu, na mkataba huo unaukiri. Huduma ya nyota ni mkataba mwingine, una bei yake, na anayedai kwamba upo ndiye aonyeshe ulifungwa lini, kwa ujumbe gani, na bei ilitajwa wapi kabla ya kubonyeza. Swali lako kwao liwe hilo: nionyesheni nilikubali lini.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakusaidia kwa namna mbili. Kwanza, inazuia kumtumia mtu matangazo ya biashara ambayo hakuyaomba wala kuyaridhia, na inamtaka anayetuma ajitambulishe na ampe mpokeaji njia ya kukataa. Pili, inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi. Hizo meseji za makato zilizomo kwenye kiswaswadu ni vielelezo vyako, usizifute. Kumbukumbu ya simu hizo ni ndogo, zikijaa zinajifuta au zinakataa mpya, kwa hiyo mwambie kijana wa kibanda azipige picha kwa simu yake, tarehe na ile namba fupi iliyotuma vionekane.

Usikubali pia jibu la "hizo huduma si zetu". Ni kweli kwamba nyingi huendeshwa na kampuni ndogo za maudhui zinazogawana mapato na mtandao. Lakini hiyo kampuni ndogo huijui na hukuwahi kuipa senti. Salio lako limekaa kwa mtandao na mtandao ndio ulioliondoa. Wagawane lawama wao kwa wao.

Ukidhani hili ni tatizo la simu za tochi pekee, sikiliza la Marekani. Mwaka 2014 tume yao ya biashara ya serikali kuu iliibana kampuni ya Apple kwa sababu watoto walikuwa wakinunua vitu ndani ya michezo ya simu bila wazazi kujua. Mzazi akishaandika neno lake la siri mara moja, dirisha la dakika 15 lilikuwa linabaki wazi, na ndani ya dakika hizo mtoto aliweza kuendelea kununua bila kuulizwa chochote. Apple ilikubali kuwarudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5. Umri wa watoto ulitajwa sana magazetini, lakini kiini cha shauri kilikuwa ridhaa: mwenye akaunti hakuulizwa, basi hakukubali. Mwenye akaunti, mzee wangu, hapa ni wewe.

Hatua ya kwanza ni leo, na haihitaji sheria. Zima huduma. Karibu kila ujumbe wa kujiunga huwa na neno la kujitoa na namba ya kulituma, mara nyingi ONDOA au STOP. Tuma kwa kila huduma peke yake, maana kujitoa kwenye mpira hakukutoi kwenye nyota. Kisha piga 100, namba ya huduma kwa wateja, mwambie mhudumu akusomee huduma zote zilizounganishwa na laini hiyo na aziondoe zote ukiwa bado hewani. Mwombe pia afunge matangazo ya aina hiyo yasije tena. Muulize jina lake na namba ya lalamiko, uandike kwenye daftari la kahawa kama huna pengine. Mhudumu asiyekuwa na namba ya lalamiko hajapokea lalamiko, amepiga soga tu.

Kujitoa hakurudishi pesa. Pesa unazidai kwa maandishi, na maneno hayahitaji wakili. Andika hivi, au mpe mjukuu akuandikie, naye atajifunza:

"Mimi ni mmiliki wa laini namba (taja). Kuanzia tarehe (taja) mmekuwa mkikata shilingi 300 kwa siku kwa huduma tatu ambazo sikuziomba. Naomba mnipe kumbukumbu ya tarehe, saa na ujumbe uliotumika kuniunganisha, na mahali bei ilipotajwa kabla. Kama haipo, naomba mnirudishie fedha zote zilizokatwa. Simu hii hutumiwa na mtoto aliye chini ya miaka 18, hivyo hata kama kitufe kilibonyezwa, hakuna mtu mwenye uwezo wa kisheria aliyekubali. Nimeambatisha picha za meseji."

Peleka nakala kwenye duka la kampuni lililo karibu, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakala wa mtaani anayesajili laini chini ya mwavuli si ofisi ya kampuni, usimwachie barua.

Wakikaa kimya au wakikupa jibu lisiloeleweka, unapanda kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kanuni za kuwalinda watumiaji za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, zinawataka watoa huduma waeleze bei na masharti yao na wawe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko. Ndiyo maana TCRA watakuuliza kwanza: ulianza kwa mtoa huduma? Namba ile ya lalamiko na nakala yenye muhuri ndizo jibu. Ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Najua kutoka Nyakakika hadi Mwanza nauli peke yake inazidi pesa unayodai, na nadhani hapo ndipo kampuni zinapojificha. Usisafiri. Mama wa mtoto si yuko huko huko? Mpe barua ya kukuwakilisha, aambatishe vielelezo.

Sheria iliyounda TCRA, ya mwaka 2003, inaipa nafasi ya kwanza kuwapatanisha. Siku 60 zikipita tangu ipokee lalamiko bila ufumbuzi, shauri linapaswa kupelekwa mbele kwa uamuzi, na uamuzi huo unaweza kuwa pamoja na amri ya kurudisha fedha. Asiyeridhika anakata rufaa Baraza la Ushindani. Kwa shilingi elfu chache sitarajii ufike huko, na huenda kampuni ikiona barua imegongwa muhuri na TCRA imetajwa, ikarudisha salio ili mambo yaishe. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa na sheria hiyo hiyo kusemea watumiaji. Kama nyumba kadhaa kijijini zimekatwa na huduma ile ile, andikeni pamoja. Lalamiko lenye majina 20 halisukumwi pembeni kirahisi. Kwenye kuandika, watafuteni wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Msaada wao ni bure, anayekudai hela ya kalamu mkimbie.

Niseme na upande wa pili, maana safu hii si ya kuwatia watu moyo wa bure. Kama mjukuu aliutaka ule wimbo, akajiunga akijua, na miezi mitatu kila shangazi akipiga anausikia, dai lako la kurudishiwa kila senti linadhoofika, hata kama umri bado uko upande wako. Zima, zungumza naye, songa mbele. Vivyo hivyo mkopo wa salio: kama alikopa muda wa maongezi akautumia, makato yanayofuata ni deni lililokwisha kuliwa. Na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ni jinai tofauti kabisa. Hiyo itume kwenda 15040, usijibishane nayo.

Kwa ndugu zetu wa Kyerwa, hasa Murongo na vijiji vya mpakani ambako watu hutembea na laini ya Uganda mfukoni: laini hiyo iko chini ya tume ya mawasiliano ya Uganda, na TCRA haina mamlaka juu yake. Huko kuna *196# ya kuzuia ujumbe wa matangazo. Angalia pia simu ya mtoto isije ikawa imedaka mtandao wa ng'ambo ya Mto Kagera. Makato ya kuwa mtandao wa nchi nyingine hayatibiwi na neno ONDOA, yanatibiwa kwa kuchagua mtandao kwa mkono kwenye mipangilio ya simu.

Mzee wangu, laini yako iko kwa jina lako, ndiyo maana tumeweza kuzungumza haya yote. Wenye shida kubwa zaidi ni wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha jirani, cha shemeji, au cha mtu aliyewahi kupita mnadani. Wao wakikatwa hawana hata pa kuanzia, kwa sababu kwenye kumbukumbu za kampuni laini ni ya mtu mwingine. Piga *106# kwenye kila simu iliyomo nyumbani, tazama jina linalotokea na namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Isiyo yako nenda nayo kwenye duka la kampuni ikafutwe, na anayotumia mtoto, kama ina jina la mtu mwingine, isajiliwe upya kwa jina la anayemlea.